Mguu wa Kulinganisha

Katika chumba cha vyuma nyuma ya uwanja wa riadha, methali moja ilikuwa imepigwa marufuku. Ni ile ya haraka haraka haina baraka. Mwalimu wa mazoezi ya nguvu alikuwa ameisikia kila siku kutoka kwa kila mtu aliyetaka kuonekana ana busara, mwisho akachoka, akatangaza kwamba atakayeitamka tena atapanga sahani zote za chuma kwenye rafu peke yake, nzito chini, nyepesi juu. Tangu hapo watu wakawa wanaisemea nje ya mlango, wakishaimaliza ndipo wanaingia.

Wanariadha walimwita mwalimu huyo Mizani. Mtu wa nje angedhani ni kwa sababu ya zile sahani na uzito wake, lakini jina lilitokana na tabia. Aliyechelewa alifungiwa nje, awe bingwa, awe mgeni wa juzi. Aliyeacha jasho kwenye benchi alilifuta mwenyewe, hata kama picha yake ilikuwa imetoka gazetini asubuhi hiyo. Mizani alijifanya halipendi jina hilo. Alilipenda sana, na anayetaka kuielewa habari hii aanzie hapo.

Mmoja wa wanariadha hao alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, mruka juu. Nyumbani na uwanjani aliitwa Panzi, kwa maana tangu alipojua kusimama hakuwahi kuzunguka kitu alichoweza kukiruka: beseni, kigoda, mtu aliyelala. Waliishi watatu, Mama na binti zake wawili, katika nyumba ya ghorofa ya tatu, na kila asubuhi mabinti hao walishuka ngazi pamoja wakiwa ndugu. Wakifika mlango wa chumba cha vyuma, undugu uliachwa nje pamoja na viatu vya matope. Siku Panzi alipojisahau akaita "Dada" mbele ya watu, Mizani aliendelea kukaza vyuma kana kwamba aliyeitwa yuko chumba cha pili.

Basi akaja Daktari. Alitoka chuo kikuu, na alikuwa daktari wa kusoma, si wa sindano, jambo alilolazimika kulieleza upya kila mtu alipomwonyesha kidole kilichovimba. Alikuja na mashine ya ultrasaundi ndani ya sanduku la magurudumu, na sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wachache. Aliwakusanya waruka juu, waruka mbali na wakimbiaji wa viunzi, akawachorea ubaoni msuli wa paja, kisha akachora kamba fupi inayopita mbele ya goti na kuufunga msuli ule kwenye mfupa wa muundi. Kamba hiyo, akasema, ndiyo ukano.

"Msuli ni mwepesi wa kujifunza," Daktari alisema. "Ukiupa kazi leo, baada ya majuma machache unakuja na nguvu mpya. Una damu ya kutosha. Ukano damu yake ni haba, kwa hiyo wenyewe unachukua miezi. Sasa shida yake ni moja. Nguvu mnayoisikia mwilini ni ya msuli. Ukano hausemi kitu."

"Unasema ukishakatika," Kocha wa miruko akatia neno kutoka nyuma. Kocha alikuwa mtu mzima mwenye filimbi shingoni na magoti mawili yaliyomnyima usingizi kila mvua ilipokaribia.

Watu wakacheka, Daktari naye akacheka kwa adabu, kisha akaendelea. Utafiti wa maabara, alisema, umeonyesha kwamba ukano hauamshwi na mzigo mwepesi hata mtu aurudie kutwa nzima. Unataka mzigo mzito hasa, usukumwe polepole, ushikiliwe, uachiwe, upumzishwe, urudiwe. Msuli hukua kwa njia zote mbili. Ukano hukaza kwa njia moja tu. Yeye alitaka kuona kama jambo hilo ni kweli pia kwa wanariadha walio katikati ya msimu, wanaoruka kila siku, na si kwa wanafunzi waliokaa vitini maabarani.

Namna ya kuona ilikuwa hii. Kila mwanariadha angetoa mguu mmoja kwa zoezi jipya, na mguu wa pili ungeendelea na mazoezi ya siku zote. Huo wa pili ndio aliouita mguu wa kulinganisha.

"Mtu na mtu hawalingani," akaeleza. "Huyu analala mapema, yule anakesha na simu. Huyu kazaliwa na magoti ya babu yake. Lakini mguu wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja inalala kitanda kimoja."

"Na huo wa pili umekosa nini?" akauliza Kocha.

"Haujakosa kitu. Hakuna mguu unaonyimwa. Unapata kile kile ulichokuwa unapata."

"Yaani mmoja unakula, mwingine unaangalia."

Daktari akasema si hivyo, akaeleza tena kwa maneno mengine, na Kocha akasikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha sura. Jambo la mwisho lilikuwa la kuamua mguu upi upewe nini. Kila mruka ana mguu wake wa kurukia, na ukiwaachia wachague, wote watautoa huo kwa zoezi jipya, na utafiti utakuwa umelala chali kabla ya kuanza. Ikabidi iwe bahati nasibu. Ikabidi iwe sarafu. Na mrushaji, wote wakasema kwa sauti moja, awe Mizani, maana mkono wake wanaujua.

Wakajipanga kwenye nafasi kati ya mabenchi na rafu. Kichwa, zoezi jipya linakwenda mguu wa kushoto; namba, linakwenda wa kulia. Mizani akarusha kwa mmoja, akarusha kwa mwingine, akawa anaita matokeo kwa sauti ya karani. Sarafu ya mruka mbali mmoja iligonga ukingo wa benchi, ikabadili njia, ikatua sakafuni. "Imegonga, Mwalimu!" mruka mbali akalalamika. Mizani akaiokota, akairusha upya, akaendelea. Lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba hata waliokuwepo hawakulitia akilini.

Zamu ya Panzi ikafika. Yeye alirukia mguu wa kushoto, kwa hiyo alitaka kichwa. Sarafu ikapanda, ikashuka, ikagonga ukingo wa sahani iliyosahaulika sakafuni, ikaruka pembeni na kulala. Namba.

"Imegonga chuma," Panzi akasema. "Rudia, Da... Mwalimu."

Chumba kikanyamaza. Kilinyamaza kidogo tu, ila Mizani alikisikia kimya chake chote. Aliona macho ya wanariadha yakimtazama, na akadhani anajua yanangoja nini.

"Sarafu imeanguka," akasema. "Mguu wa kulia. Anayefuata."

Panzi akainua mabega, akacheka, akampisha mwenzake. Hakuwa mtu wa kununa. Kama angenuna siku ile pengine mambo yangekwenda vingine, lakini kitinda mimba huyu alilelewa na dada yake zaidi ya alivyolelewa na mama yake, aliyekuwa kazini mchana kutwa, na alikwisha kuzoea kwamba Mizani akisema basi ni basi.

Zoezi jipya likaanza. Mwanariadha aliketi kwenye mashine ya kunyoosha goti, mguu mmoja umefungwa nyuma ya mto wa mashine, na mzigo ukiwekwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Akasukuma polepole, akashikilia, na Mizani akamhesabia kwa sauti mpaka aachie. Hapakuwa na mbwembwe. Watu waliozoea kupiga kelele na kuangusha vyuma sakafuni walijikuta wameketi kimya kama wako kwa kinyozi, wakitokwa na jasho kwa kitu ambacho mtazamaji angeapa hakisogei. Ukifika mguu wa kulinganisha, waliinuka wakafanya yale ya zamani, mizigo ya wastani, marudio mengi, porojo zikiendelea.

Mapaja yakajaa, yote mawili. Panzi akaanza kuwasumbua mafundi cherehani kwa sababu suruali zake zilikataa kupita. Uwanjani Kocha akawa anapandisha ufito, naye anaupita. Anaupandisha tena, anaupita tena, na akitua godoroni anapiga ukelele uliosikika mpaka ofisini kwa katibu. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa mwisho wa msimu. Miaka miwili mfululizo Panzi alikuwa ameishia kukosa nafasi kwa kimo cha kidole, na safari hii hata Kocha, ambaye hakuwa mtu wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, alisema nafasi iko mkononi mwake akiacha ujinga.

Katikati ya msimu Daktari alirudi na sanduku lake. Akapaka magoti yao mafuta ya baridi, akapitisha mkono wa mashine, akapima, akawataka wasukume, akapima tena. Alimwonyesha Mizani picha za Panzi kwenye kioo cha mashine. Misuli ya mapaja yote mawili imekua sawasawa. Ukano wa kulia umeanza kukaza vizuri. Ukano wa kushoto uko vile vile ulivyokuja.

"Ndivyo tulivyotarajia," Daktari akasema, na alikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu ndivyo alivyotarajia.

Mizani aliitazama ile picha ya kushoto kwa muda. Hakuwa mtu wa kuhitaji kufafanuliwa. Mguu wa kushoto wa mdogo wake sasa ulikuwa na msuli mpya juu ya ukano wa zamani, sawa na mtu aliyebadilisha ndoo ya kisimani akaweka pipa, kamba akaiacha ile ile. Na huo ndio mguu uliobeba mwili mzima kila Panzi alipoacha ardhi. Alitaka kuuliza kama hilo ni salama. Akaona swali lenyewe lina harufu ya udada, akalimeza.

Palikuwa na sheria moja iliyotolewa siku ya kwanza, tena Daktari aliisema mara kadhaa. Mwanariadha akiumwa ukano, hata kidogo, aripotiwe. Atatolewa kwenye utafiti na miguu yote miwili itahudumiwa. Mkimbiaji mmoja wa viunzi alipochechemea kidogo asubuhi, Mizani hakumwuliza mara mbili. Alimpigia Daktari simu siku hiyo hiyo, kijana akatolewa, akabadilishiwa mazoezi, akanung'unika kwa juma zima na kisha akapona. Watu walimsifu Mizani kwa hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema, na methali hiyo haikuwa imepigwa marufuku.

Halafu zikaja zile ngazi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, Mizani nyuma na begi lake, Panzi mbele. Kabla ya kona ya kwanza Mizani akaona kwamba Panzi hashuki tena kama anavyoshuka Panzi, ngazi mbilimbili, mkono hewani. Alishuka kiupande, kiganja ukutani, akitanguliza mguu wa kushoto kila hatua ili usije ukapinda kubeba mwili.

"Goti vipi?" Mizani akauliza.

"Linaamka vibaya tu. Likipata moto linanyamaza."

Mizani alisimama. Lile linalonyamaza likipata moto ndilo la kuogopa. Maneno hayo alikuwa amewaambia wanariadha wake mara nyingi mno, kwa sauti ile ile anayohesabia. Maumivu ya ukano ndivyo yalivyo. Asubuhi yanalia, mazoezini yanatulia, na mwenyewe anadhani amepona, kumbe yanamsubiri kesho na riba.

"Tangu lini?"

"Si muda." Panzi akageuka, akaegemea ukuta. "Dada, usimwambie Daktari. Wakinitoa sasa nitapumzishwa, na mchujo huo hapo. Baada ya mchujo nitapumzika hata mwaka. Naomba."

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Mizani alinyamaza kwa sababu ya ombi hilo. Si kweli, na yeye mwenyewe alijua si kweli. Maombi ya wanariadha alikuwa anayakataa kutwa. Alichokiona pale kwenye ngazi ni watu wamesimama karibu na rafu, wakisemezana. Mwalimu kamtoa mdogo wake. Mguu wa kurukia wa mdogo wake uliangukia upande mbaya, kamtafutia ugonjwa, sasa anapewa zoezi jipya miguu yote miwili na mchujo umekaribia. Mizani imepinda. Aliyasikia maneno hayo yote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyatamka.

"Likizidi, sema," akamwambia Panzi, na wakaendelea kushuka.

Jioni moja mezani Mama aliweka kijiko chini. "Huyu mtoto anashuka ngazi kama mimi," akasema.

"Ni uchovu, Mama," Mizani akajibu.

"Uchovu wa mguu mmoja?"

Panzi akaangua kicheko, akamwuliza Mama lini amekuwa daktari, na Mama akasema si daktari ila ana magoti. Maongezi yakahamia kwingine. Mizani alikula akamaliza, akaosha vyombo, na alipokuwa anaosha alijiambia kwamba atampigia Daktari kesho. Kesho ilipofika akajiambia tena. Daktari mwenyewe alikuja juma la mwisho kupima kwa mara ya mwisho, akamwuliza Panzi kama kuna maumivu yoyote, Panzi akasema hakuna, na Mizani alikuwa amesimama pale pale anakunja waya.

Siku ya mchujo kulikuwa na jua la wastani na upepo mdogo, hali njema kwa waruka juu. Mama alikuja na kofia pana. Kocha aliitafuna filimbi yake bila kuipuliza. Panzi alipasha mwili kwa muda mrefu kuliko wenzake, na Mizani akiwa jukwaani alijua kwa nini: alikuwa anangoja goti linyamaze. Likanyamaza. Ufito wa kwanza akaupita kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yao. Wa pili vile vile. Washindani wakapungua, wakabaki watatu, wakabaki wawili, na ukawekwa ufito ambao aliyeupita alikuwa amejichukulia nafasi yake timu ya taifa.

Panzi akakimbia ile njia yake ya kupinda, hatua za mwisho zikifupika, mwili ukilala ndani, akausimika mguu wa kushoto. Kukasikika mlio mdogo. Haukuwa mkubwa hata kidogo, lakini Kocha aliinua kichwa, na Mizani alikuwa amesimama kabla hajajua kwamba amesimama. Panzi hakupaa. Alikwenda mbele, chini ya ufito, akaangukia ukingo wa godoro kwa bega, akalishika goti kwa mikono miwili. Ufito haukutikisika. Haukuwa umefikiwa.

Hospitali walisema ukano umechanika, haukukatika wote. Hilo lilihesabiwa kuwa habari njema. Goti likafungwa gango, akapewa magongo mawili, akaambiwa asahau kuruka kwa msimu huo na pengine kwa msimu unaofuata, na kwamba baada ya hapo wataona. Daktari wa hospitali, huyu wa sindano, aliuliza kama maumivu yalianza siku ile au kabla.

"Kabla," Panzi akasema.

"Na hakuna aliyejua?"

Panzi akamtazama dada yake mara moja, kisha akatazama gango. "Mimi nilijua," akasema.

Mizani aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Nje kwenye veranda ya hospitali alimwambia Daktari wa chuo kila kitu, ngazi, ombi, siku ya waya. Daktari alisikiliza akiwa ameshika mpini wa sanduku lake, ingawa siku hiyo sanduku halikuwa na kazi. Hakumkemea. Alisema angepaswa kuwapima katikati kwa jicho la mtu anayeogopa, si la mtu anayengoja majibu. Mwisho akasema kuna jambo analazimika kuuliza, na linamwia vigumu. Vipimo vya mwisho vya Panzi vilichukuliwa kabla ya ajali. Alikuwa ameficha maumivu, kwa hiyo vipimo vyake vikitumiwa itabidi hayo nayo yaandikwe. Kama mwenyewe hataki, vitafutwa.

Mizani alimwomba Mungu mdogo wake akatae. Alitaka kitu kimoja katika mambo yale kikataliwe.

"Tumia," Panzi akasema kitandani alipoulizwa. "Andika pia kwamba nilificha. Mwingine akisoma ashike adabu."

Miezi ikapita. Daktari akaalika watu chuoni kusikia matokeo. Ukumbi ulijaa nusu tu, wengi wao wanafunzi waliokuja kwa sababu ya chai. Panzi alikuja kwa gongo moja, akaketi mstari wa mbele mguu umenyooshwa, Mama upande huu, Mizani upande ule. Daktari akaangaza picha ukutani. Kila mwanariadha alikuwa nukta mbili zilizounganishwa kwa mstari: nukta ya chini ni ukano wa mguu wa kulinganisha, ya juu ni ukano wa mguu wa zoezi zito. Mistari yote ilipanda. Mingine ilipanda kidogo, mingine sana, na mmoja ulipanda kuliko yote, ukiiacha mingine chini.

"Mimi ni upi?" Panzi akanong'ona.

Mizani akanyoosha kidole.

Panzi akautazama. "Kumbe huku nimewaruka wote," akasema, na akacheka ile sauti yake ya godoroni, kiasi kwamba wanafunzi wa nyuma wakageuka. Mama hakucheka. Mama alikuwa anamtazama binti yake mkubwa.

Watu wakapiga makofi. Kocha akamfuata Daktari akamwambia kwamba kuanzia msimu ujao miguu yote itakula, hakuna wa kuangalia, na Daktari akasema ndivyo atakavyopendekeza. Hivyo jambo lilithibitika, na lilikuwa jambo la kweli na la maana. Waruka wengi watakuwa na magoti mazuri kwa ajili yake.

Siku Panzi aliporuhusiwa kuanza mazoezi ya mguu wa kushoto, chumba cha vyuma kilikuwa kitupu. Wengine walikuwa uwanjani. Aliketi mwenyewe kwenye mashine ya kunyoosha goti. Paja la kushoto lilikuwa limesinyaa, halikufanana kabisa na mwenzake. Mizani akachukua sahani nyepesi kuliko zote rafuni, akaipachika, akapiga magoti kufunga mto juu ya muundi.

"Dada," Panzi akasema.

Undugu haukuruhusiwa humo, lakini safari hii Mizani aliitika. "Naam."

"Yule mruka mbali, sarafu yake iligonga benchi. Ukarudia."

"Nakumbuka."

"Yangu iligonga chuma."

"Najua."

"Ningekuwa si mdogo wako?"

Mizani alikuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya mkanda wa mashine. "Ningerudia," akasema.

"Na zile ngazi?"

"Ningempigia Daktari siku ile ile."

Panzi akatikisa kichwa kukubali, polepole. Hakukasirika, na pengine hilo ndilo lililomuuma Mizani zaidi. Alikuwa na sura ya mtu aliyeuliza njia akaelekezwa.

"Basi," akasema, "kuanzia leo nihesabu kama mtoto wa watu."

Mizani akainama kukaza mkanda uliokuwa umekwisha kukazwa. Kisha akainuka, akasimama pembeni ya mashine mahali anaposimama siku zote.

"Goti linauma?" akauliza.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Niambie sawasawa."

Panzi akamwambia sawasawa. Mizani akaitoa ile sahani nyepesi, akaacha mashine tupu. "Sukuma polepole," akasema. "Shikilia." Akaanza kuhesabu.